Jaribio Likigoma: Mwongozo Kamili wa Kusoma Matokeo Mabaya ya Maabara ya Baiolojia

Mrija wa jaribio la sukari umetoka kwenye maji yanayochemka na bado ni samawati. Kitabu kilisema utageuka nyekundu ya matofali, na jirani yako wa meza tayari amepata nyekundu yake na anaandika. Hapo mwanafunzi hufanya moja kati ya mambo matatu: humwaga na kunawa mikono, hunakili rangi ya jirani, au huandika "jaribio lilikosea" na kufunga daftari. Yote matatu yanatupa kitu kilichogharimu dawa, muda na chakula.

Maabara imejibu swali ulilouliza kwa mikono yako, ambalo huenda si lile ulilolisoma ubaoni. Kazi iliyobaki ni kutafuta mikono iliuliza nini. Mwongozo huu unafuata majaribio ya kawaida ya sekondari, kwa mwanafunzi wa Lamu au Malindi ambaye kisima chake kina chumvi, kiazi chake kimetoka bara, na chumba chake kina joto la nyuzi 30 kabla ya jiko kuwashwa.

Kwanza, usimwage

Weka mrija mbaya kwenye kishikio, uandike namba yake. Kisha chukua dakika tano uandike kwa kalamu, bila kufuta: rangi unayoiona (si ile uliyoitarajia), saa, kiasi cha kila kitu ulichotia, maji yalitoka wapi, kibandiko cha chupa ya dawa kinasemaje na ilifunguliwa lini. Andika pia nani alipima. Vikundi vingi hugawana kazi, na mara nyingi jibu liko hapo: mmoja alihesabu matone kwa dropa nene, mwingine kwa nyembamba.

Ukishakosea andiko, likate kwa mstari mmoja ili lisomeke bado. Namba iliyofutwa leo huwa ndiyo unayoitafuta kesho.

Mirija miwili ya ushahidi

Huwezi kulaumu sampuli kabla ya kuiweka dawa kizimbani. Kila jaribio lina mirija miwili inayofanya kazi hiyo, na kosa kubwa kuliko yote ni kuiacha kwa kuona ni kupoteza muda.

Wa kwanza una kitu unachokijua kwa hakika: glukosi ya duka la dawa kwa Benedict (dawa ya samawati ya kupima sukari), uji mwepesi wa unga wa mahindi uliopoa kwa iodini (hupima wanga), ute mweupe wa yai kwa protini, kidonge cha vitamini C kwa DCPIP (dawa ya bluu inayopoteza rangi ikikutana na vitamini hiyo). Wa pili una maji matupu, yale yale uliyotumia kuyeyushia sampuli.

Glukosi nayo ikikataa kubadilika, dawa imekufa au moto haukutosha, na sampuli yako haina hatia. Maji matupu yakibadilika, kuna uchafu: mrija haukuoshwa, dropa imezunguka kutoka chupa hadi chupa, au maji yenyewe yana kitu. Glukosi ikigeuka, maji yakabaki samawati, na sampuli yako ikabaki samawati, basi hujashindwa hata kidogo. Umegundua kwamba sampuli haina sukari ya aina hiyo, na hilo ni tokeo kamili linalostahili alama zake.

Maji ya wapi?

Hili tunaliweka mapema kwa sababu ndilo linalosumbua zaidi pwani na ndilo ambalo vitabu vingi havilisemi. Maji ya visima vya Lamu na vya maeneo mengi ya mwambao hupita kwenye mchanga na mawe ya matumbawe. Yana chumvi, na pia chokaa na magnesi. Ukiyatumia kama "maji safi" kwenye jaribio la osmosisi (maji kupenya utando wa seli kuelekea palipo na sukari au chumvi nyingi zaidi), kipande cha kiazi kitavimba kidogo kuliko inavyotarajiwa. Ukiyatumia kwenye jaribio la protini, sodiamu haidroksaidi itakutana na magnesi na kutoa wingu jeupe kabla hata ya tone la kopa salfeti kuingia. Mwanafunzi huliona wingu hilo na kuandika kitu ambacho hakimo.

Kuchemsha hakusaidii kuondoa chumvi. Mvuke unaondoka, chumvi inabaki, na maji yanazidi kuwa makali.

Tumia maji yaliyokenekwa, yaani mvuke uliopozwa ukawa maji tena. Yakikosekana, maji ya betri yanayouzwa vituo vya mafuta hufaa, lakini soma chupa mara mbili: asidi ya betri huuzwa rafu hiyo hiyo na itakuunguza. Maji ya mvua yaliyokingwa moja kwa moja kwa ndoo safi, baada ya mvua kuosha paa kwa dakika kumi hivi, ni mazuri pia. Ya jabia (tangi la kujengwa la maji ya mvua) ni afadhali kuliko ya kisima, ingawa saruji na chokaa ya kuta huyafanya yawe na ualkali kidogo. Kama huna ila ya kisima, yatumie kwa mirija yote pamoja na ule wa maji matupu, na uandike hivyo.

Majaribio ya chakula, moja moja

Benedict ndiyo dawa inayolaumiwa zaidi bure. Kipimo ni mililita 2 za sampuli na mililita 2 za dawa, kwenye bika la maji yanayochemka kwa dakika 5. Maji yanayochemka, si yenye mvuke tu. Lamu na Malindi ziko usawa wa bahari na maji yanachemka kwenye nyuzi 100, kwa hiyo ukipata rangi ya kijani hafifu palipotakiwa nyekundu, angalia kwanza kama viputo vilikuwa vikipanda wakati mirija iko ndani. Kutumbukiza mirija kumi baridi kwa pamoja hushusha joto la bika dogo, na dakika zako tano zinapotea katika kupasha tena. Anza kuhesabu pale maji yanaporudi kuchemka.

Rangi hupanda kwa ngazi: kijani, manjano, rangi ya chungwa, nyekundu ya matofali. Kijani maana yake sukari iko kidogo, usiandike "hakuna".

Sukari nyeupe ya chai haibadilishi Benedict, na hapa wengi hudhani dawa mbovu. Sukari hiyo, yaani sukrosi, lazima ivunjwe kwanza:

1. Hakikisha sampuli imebaki samawati kwa Benedict ya kawaida.
2. Chukua mililita 2 mpya, tia mililita 1 ya asidi hafifu ya haidrokloriki, chemsha dakika 3.
3. Poza.
4. Tia bikaboneti ya sodiamu kidogo kidogo mpaka kufoka kukome.
5. Tia mililita 2 za Benedict, chemsha tena dakika 5.

Hatua ya nne ndiyo inayoua jaribio. Benedict hufanya kazi palipo na ualkali. Asidi ikibaki, mrija utabaki samawati hata kama umejaa sukari. Ukiona samawati, tia chembe moja zaidi ya bikaboneti. Ikifoka, umepata kosa lako. Angalizo: poda ya kuokea maandazi si bikaboneti tupu. Huwa imechanganywa na asidi na mara nyingi wanga wa mahindi, kwa hiyo inakuletea vitu viwili ambavyo hukuvialika.

Maji ya dafu ni sampuli nzuri na ya kutatanisha. Dafu changa lina glukosi na fruktosi nyingi na Benedict huruka nyekundu. Nazi inavyokomaa, sukrosi huongezeka na zile mbili hupungua. Vikundi viwili vikipata majibu tofauti kwa "maji ya nazi", waulize kila mmoja nazi yake ilikuwa na nyama laini ya kukwangua kwa kijiko au ngumu ya kukunwa kwa mbuzi. Huenda wote wako sahihi. Maziwa nayo huwashangaza watu kwa kugeuka, kwa kuwa ulimi hauonji utamu mkubwa. Laktosi ni sukari inayobadilisha Benedict, na mabonge yanayotokea ni protini imeganda kwa moto.

Iodini ina hila moja ya kuonwa kwa macho. Tia matone mawili kwenye uji wa moto: hakuna rangi, au inatokea na kutoweka. Sasa simamisha mrija huo kwenye kikombe cha maji baridi na usiutikise. Rangi ya bluu-nyeusi huanza chini, pale baridi inapofika kwanza, ikapanda polepole kama wino unaopanda kwenye utambi wa taa. Wanga ulikuwepo muda wote. Joto ndilo linaloachanisha iodini na wanga. Hivyo, poza kila sampuli kabla ya iodini. Na chupa iliyoachwa wazi dirishani hupauka, kwa sababu iodini huruka hewani. Iwe kwenye chupa ya kahawia yenye kizibo kinachobana, rangi yake kama chai ya rangi. Ikipauka ikawa manjano hafifu, iache.

Protini. Mililita 2 za sampuli, mililita 1 ya sodiamu haidroksaidi ya asilimia 10, tikisa, kisha kopa salfeti ya asilimia 1, tone kwa tone, ukitikisa kila mara. Matone matatu hadi matano yanatosha. Ukimimina, samawati ya kopa salfeti itaifunika zambarau na utaandika kwamba yai halina protini. Zambarau yenyewe huwa hafifu. Shika mrija mbele ya karatasi nyeupe, ubavuni mwa mrija wa maji matupu, utofautishe. Usipashe moto. Sodiamu haidroksaidi hula ngozi, nawe utaijua kwa utelezi wa sabuni vidoleni: osha papo hapo kwa maji mengi, na ikiruka jichoni osha kwa dakika 15 bila kukoma huku mwenzako akimwita mwalimu.

Vitamini C hupimwa kwa kuhesabu. Tia mililita 1 ya DCPIP ya asilimia 0.1 mrijani, kisha dondosha maji ya tunda tone kwa tone, ukizungusha mrija taratibu. Kutikisa kwa nguvu huingiza oksijeni, nayo huharibu hesabu. Rangi ikipotea, andika idadi. Yeyusha kidonge cha miligramu 100 katika mililita 100 za maji, upime kwa dropa ile ile: kidonge kikichukua matone 10 na ndimu matone 25, basi kila mililita ya ndimu ina 10/25 ya miligramu, yaani 0.4. Chagua kidonge cheupe. Vile vya rangi ya chungwa vitakufanya uhesabu rangi isiyokuhusu.

Mtego ni ukwaju. Mwanafunzi hudhani kila kichachu kina vitamini C tele, anatia ukwaju, DCPIP inageuka ya waridi, naye anaandika "imebadilika, ipo". Waridi ni alama ya asidi tu. Endelea mpaka waridi nayo iishe kabisa. Kwa ukwaju utachoka kudondosha, kwa sababu uchachu wake unatokana na asidi ya tartariki na vitamini C yake ni ndogo.

Mafuta kwa karatasi: doa linalopitisha mwanga na lisilokauka. Unyevunyevu wa pwani hukawiza doa la maji, na lisipopewa muda litaonekana la mafuta. Weka doa la maji kando, subiri mpaka hilo likauke, ndipo uhukumu. Ukitumia spiriti na maji badala ya karatasi, ambapo wingu la maziwa ndilo alama ya mafuta, jaribu kwanza spiriti tupu, kwani baadhi ya spiriti za dukani hugeuka maziwa zenyewe zikikutana na maji.

Jani lisilotoa wanga

Chagua jani laini: kunde au matembele. Jani la kitunguu halihifadhi wanga, na la mnazi ni gumu mno. Kuna anayekwenda pwani kuchuma mkandaa kwa kuwa uko karibu. Nta yake huzuia maji, na utomvu wake wa kutia ngozi rangi hugeuza kila kitu kahawia, hata iodini usiione.

Mmea ukae gizani saa 48, kisha sehemu ya jani ifunikwe kwa karatasi ya fedha na mmea ukae juani saa nne hadi sita. Chemsha jani kwenye maji kwa dakika moja, zima moto, kisha litie kwenye mrija wa spiriti uliosimama ndani ya maji hayo ya moto. Spiriti huchemka kwenye nyuzi 78 na mvuke wake hushika moto, kwa hiyo kuzima moto si hiari. Likishapauka, lichovye kwenye maji vuguvugu lilainike, litandaze kwenye kigae cheupe, tia iodini, na usubiri dakika tatu.

Jani zima kuwa kahawia mara nyingi maana yake lilichumwa asubuhi mapema, na usiku mmea ulikuwa umehamisha wanga wake. Jani zima kuwa jeusi, pamoja na sehemu iliyofunikwa, maana yake saa 48 za giza hazikutimia au karatasi ilipitisha mwanga kwenye pindo. Mabaka ya kijani yaliyosalia yanaonyesha spiriti ilipoa kabla ya kumaliza kazi. Badilisha maji ya moto.

Kiazi na osmosisi: hapa ndipo namba hudanganya

Hili lina sehemu nyingi za kuharibikia, nasi tunalipendelea kwa sababu hiyo hiyo.

Anza na mchanganyiko. Sukari ya moli 1 kwa lita (moli ni kipimo cha wingi wa kitu kilichoyeyushwa) ni gramu 34.2 katika mililita 100 za mchanganyiko uliokamilika. Yeyusha sukari kwenye maji mililita 70 hivi, kisha ongeza mpaka alama ya 100. Ukitia gramu 34.2 juu ya mililita 100 za maji, jumla itafika takriban mililita 120, na "moli 1" yako ni kama 0.83. Jedwali zima litasogea upande mmoja, nawe utalaumu kiazi. Kutoka hapo punguza: mililita 80 za moli 1 na maji 20 hutoa 0.8, 60 na 40 hutoa 0.6; endelea hivyo hadi maji matupu.

Kata vipande vya sentimita 4 kwa 1 kwa 1, vyote kutoka kiazi kimoja, bila ganda hata kidogo, kwani ganda halipitishi maji. Viazi vinavyouzwa Lamu vimekuja kutoka bara kwa lori na mashua, vingine vimeshaanza kunyauka. Kiazi kilichonyauka hunywa maji zaidi kuliko kigumu. Ukichanganya viwili kwenye jaribio moja, utapata mstari unaopanda na kushuka bila mpango. Pima uzito baada tu ya kukata, na kwa haraka, maana feni ya darini hukausha vipande juu ya kigae.

Vipande vitatu kwa kila bika. Kimoja hakikuambii kama kimekosea. Funika mabika kwa karatasi ya plastiki, kwa sababu maji yakivukizwa sukari inaongezeka nguvu. Muda ni saa moja kwa uchache. Dakika 20 hutoa tofauti ndogo kiasi kwamba kosa la mizani linaimeza. Na usiviache nje usiku kucha katika joto la Malindi ukitarajia matokeo bora: asubuhi utakuta povu na harufu, na uzito unaopima ni wa kuoza.

Hesabu mabadiliko kwa asilimia, si kwa gramu, kwa kuwa vipande havikuanza sawa. Kipande cha gramu 4.20 kilichofika 4.62 kimeongezeka 0.42, ambayo ni asilimia 10.

Sasa chukua matokeo haya ya bika la 0.4: kimoja kimepungua asilimia 5.2, cha pili 4.6, cha tatu 0.3. Wastani ni 3.4, na ukiuandika hivyo tu umezika habari. Viwili vinakubaliana, kimoja kimejitenga. Kigeuze kipande hicho. Kama upande wa chini unang'aa, hakikupanguswa. Tone moja la maji lina uzito wa karibu gramu 0.05, manne yaliyojificha chini ni gramu 0.2, na kwa kipande cha gramu 4.2 hiyo ni karibu asilimia 5. Tofauti yako yote iko hapo. Pangusa vipande vyote kwa namna moja: kila ubavu mara moja kwenye karatasi ya shashi, bila kukamua.

Je, uitupe namba hiyo? La. Iache kwenye jedwali, izungushie duara, eleza sababu unayoishuku, kisha toa wastani wa viwili (4.9) na useme wazi kwamba umeiacha ya tatu. Kuiondoa kimyakimya ni udanganyifu hata kama ulikuwa na haki ya kuishuku.

Vidole navyo ni chombo. Kilichokaa kwenye maji hukatika kwa mlio ukikikunja. Kilichokaa kwenye moli 1 hujipinda kama mpira wa ndara. Mizani ikisema kinyume cha vidole, pima upya. Na ukitaka kujaribu maji ya bahari, kumbuka yana takriban gramu 35 za chumvi kwa lita, lakini kaskazini ya Malindi, Sabaki inapomwaga maji yake, kiwango hicho hushuka wakati wa mvua. Andika ulichota wapi na lini.

Vimeng'enya havipendi haraka

Kwa mate na wanga: koroga gramu 1 ya wanga kwenye maji baridi kidogo, mimina kwenye maji yanayochemka hadi yatimie mililita 100, kisha yapoe kabisa. Wanga wa moto huua papo hapo kimeng'enya cha mate, yaani protini inayovunja wanga kuwa sukari, na iodini itabaki bluu-nyeusi mpaka kengele ilie. Sukutua mdomo kwanza. Mate ya aliyetoka kunywa chai ya sukari na maandazi yana sukari na wanga wake. Tumia mate yako mwenyewe, mililita 1 kwa mililita 5 za wanga, kwenye nyuzi 37, na kila nusu dakika toa tone uliweke kwenye tone la iodini juu ya kigae.

Kama tone la kwanza tayari ni kahawia, mate ni makali: yazimue mara tano. Kama baada ya dakika 15 bado ni jeusi, punguza wanga au jaribu mate ya mwenzako (ayashike mwenyewe), kwani watu hutofautiana kwa kiasi cha kimeng'enya hiki.

Kuna tokeo moja la pwani linalowavunja moyo wanafunzi: "joto la chumba" na "nyuzi 37" hutoa muda unaokaribiana. Mnamo Machi chumba kina nyuzi 31 au zaidi, na tofauti ya nyuzi sita ni ndogo. Jaribio halijafeli, umechagua hatua mbili zilizo jirani. Nunua barafu kwa wauza samaki, weka mrija mmoja kwenye maji ya barafu na mwingine kwenye nyuzi 70, na utaona.

Kwa haidrojeni peroksaidi na maini, ambapo kimeng'enya cha maini huvunja peroksaidi na kutoa povu, shuku chupa kwanza. Peroksaidi huvunjika yenyewe kwa joto na mwanga, na chupa ya asilimia 6 iliyokaa rafuni miezi mingi inaweza kuwa karibu maji. Kipande cha kiazi kibichi kikiwa hakitoi viputo, chupa imekwisha. Kinyume chake, maini "yaliyochemshwa" yakitoa povu, yakate katikati: wekundu ndani unaonyesha hayakuiva. Vipande vya sentimita 1 vichemke dakika 5 kamili. Na usilinganishe kipande kizima cha kundi moja na kilichosagwa cha lingine, kwani kusaga hufungua sehemu nyingi zaidi za kukutana na dawa.

Kurudia ukiwa na dakika arobaini

Usirudie jaribio zima kwa hasira. Badilisha kitu kimoja tu, na uanze na cha bei nafuu: mirija miwili ya ushahidi (dakika kumi), kisha maji, kisha dawa kutoka chupa nyingine, kisha joto na muda, na mwisho sampuli yenyewe. Ukibadilisha maji na dawa kwa pamoja na likafaulu, hujui lipi lilikuwa kosa, na wiki ijayo utalipata tena.

Katika chumba cha mtihani hesabu hubadilika. Karatasi ya tatu ya baiolojia ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari nchini Kenya, ina alama 40 kwa saa moja na dakika 45, na sampuli hutolewa kidogo. Gawa kila sampuli mara mbili kabla ya kuanza, utumie nusu, ubakishe nusu. Pia andika rangi iliyobaki, mfano "samawati imebaki", badala ya "hakuna kitu", kwani msahihishaji anataka uthibitisho kwamba uliangalia.

Kuandika tokeo baya

Maneno "makosa ya kibinadamu" hayana kitu ndani. Kila kosa liandikwe kwa mambo matatu: lilikuwa lipi, lilisukuma namba upande gani, na lingehakikishwaje. Linganisha. "Huenda tulikosea kupima" ni sentensi tupu. "Kipande cha tatu hakikupanguswa, kwa hiyo uzito wa mwisho ulizidi na upungufu ukaonekana mdogo; tulikipangusa na kukipima tena, ukashuka kwa gramu 0.18" ni sentensi inayopata alama na kumfundisha anayefuata.

Angalia upande. Mwanafunzi akipata upungufu mkubwa mno halafu akalaumu maji yaliyobaki juu ya kipande, ametaja sababu inayovuta kinyume, na yeyote anayesoma kwa makini ataona.

Kabla ya kutoka, kama glukosi ilikataa kugeuza Benedict ile, bandika karatasi kwenye chupa: tarehe, "imejaribiwa kwa glukosi, dakika 5, haikubadilika". Mpe mwalimu au fundi wa maabara mkononi. Usiirudishe rafuni, kwa sababu darasa lingine linaingia baada ya mapumziko.